Mwaka wa Sikio la Kigari

Nilipopigiwa simu kwamba Mzee Bura amefariki, swali langu la kwanza lilikuwa: "Nani kasema?" Kijana aliyepiga akavuta kamasi. Nikamuuliza tena, huyo aliyesema kaona kwa macho yake au kaambiwa? Maskini, alikuwa mjukuu wa marehemu mwenyewe, amelia mpaka sauti imekauka. Akanijibu, "Shangazi, nimetoka chumbani kwake sasa hivi." Ndipo nikakaa chini, hapo hapo kwenye benchi la kazi, nikaacha simu ya mteja ikiwa wazi, matumbo yote nje. Mimi ni mtu wa kushuku, wala sijifichi. Mume wangu anasema hata nikiletewa zawadi naigeuza kwanza niangalie chini. Sawa, naigeuza. Lakini kushuku kwenyewe nilifundishwa katika nyumba ile ya kijijini Gitting, na aliyenifundisha ndiye huyo waliyekuwa wananiambia amekufa.

Nikaenda kuzika. Baada ya mazishi tulikaa kwenye maturubai tukila pilau, na Emanueli, mtoto mkubwa wa marehemu, akaja na sahani yake akakaa karibu yangu. Ndevu zake zimeanza kuwa nyeupe. Tulikula kidogo, kisha akasema bila kuniangalia, "Magreti, sasa mzee hayupo. Hebu niambie. Nani alitoboa?" Nikamwambia pilau imekosa chumvi. Akacheka, akatikisa kichwa, akaenda kusalimia wageni wengine. Sikutaka kumjibu pale, udongo wa kaburi ukiwa haujakauka na mama yake amekaa hatua chache kutoka kwetu. Lakini kwa kuwa naandika habari za maisha yangu, na mwaka ule ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo, nitasema. Akisoma hapa, basi amejua.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapelekwa kutoka kwetu Dirma kwenda kwa Mzee Bura kujifunza ufundi wa redio na simu. Makubaliano yalikuwa nikae mwaka mzima. Nikimaliza bila lawama, natoka fundi. Nikirudishwa nyumbani kabla, basi, hakuna fundi mwingine Hanang nzima ambaye angenipokea, maana habari ya msichana aliyefukuzwa hufika kabla yake. Nilipewa chumba cha nyuma, nusu yake stoo ya vitunguu saumu. Vilining'inia kwenye fito juu ya kitanda changu, mafungu kwa mafungu, na harufu yake iliingia kwenye nywele, kwenye mashuka, mpaka kwenye Biblia niliyopewa na masista wa shuleni. Ukuta kati ya stoo na jiko ulikuwa wa mbao zilizoachana. Mama Emanueli alipokuwa na mdogo wake aliyekuja kutoka Tumati, waliongea Kiiraqw, lugha yao, kwa raha zao, wakidhani binti wa wafugaji hawezi kuelewa. Kumbe mimi nilikaa bweni moja na watoto wa Kiiraqw miaka yote ya sekondari. Nilisikia kila kitu. "Funguo ya stoo usimwachie," alisema yule mdogo mtu. "Hawa Wamang'ati ukilala wao wameamka." Jina hilo la dharau majirani hutuita sisi wafugaji; wenyewe hatujiiti. Nilikaa kitandani nimeshika soksi moja mkononi, nikajisemea, haya, tutaona nani atalala.

Usidhani walinitesa. Hapana. Walinilisha vizuri, makande mchana, ugali na maziwa ya mgando jioni, na viazi vya kuchemsha asubuhi wakati mvua ya Mlima Hanang inanyesha upande upande. Ila nilipoinua kikombe, macho yalinifuata. Mzee Bura alikula amegeuzia ukuta mgongo ili awaone wote, na mimi nikajifunza kukaa hivyo hivyo, ukuta wa pili. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akajibu "Marahaba" huku anatazama mikono yangu. Kule kwenye chumba cha mbele, kwenye karakana, alinipa redio mbovu nifungue, kisha anahesabu skrubu akidhani sioni. Na mimi nilikuwa nazihesabu kabla yake, ili asije akaficha moja halafu aseme nimepoteza. Ukweli ni kwamba tulifanana, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Emanueli alikuja likizo ya Pasaka na kigari. Alikuwa akifanya kazi Arusha, na huko alikuwa na rafiki zake wenye mchezo wa vigari vya rimoti vya kupanda mawe. Si vile vya watoto vinavyokimbia sakafuni. Hivi vinakwenda polepole, matairi makubwa laini, springi ndefu, na mchezo wenyewe ni kukipandisha jabali bila kuanguka. Alikiweka mezani katikati ya bakuli za makande, na wote tukaacha kula. Kwa mbele, chini kabisa, kwenye ekseli inayobeba magurudumu, kulikuwa na kiboksi cheusi chenye waya. Akaniambia hiyo ndiyo sevo, kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele. Mimi nikauliza, "Mbona imekaa kwenye kidevu? Si itapigwa na mawe?" Akaniangalia, akasema ndivyo kilivyotoka kiwandani. Siku aliyoondoka aliniita karakanani mbele ya baba yake, akanikabidhi kigari. "Magreti, nakuachia hiki. Kilee mpaka Krismasi." Kilee! Kwa nini mimi? Mtu mzima na kazi yake anaacha kitu cha thamani kwa msichana wa kufundishwa, ana nia gani? Nilijiuliza wiki nzima. Na mama yake alijiuliza pia, maana nilimsikia kupitia mbao akimwambia mdogo wake, "Anataka kumfunga huyu hapa awe mke. Mimi simtaki."

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa mjini hawezi kukiona. Kwetu sisi wafugaji, na kwao wakulima vilevile, mtu akikuachia ng'ombe wake umlee, sheria inajulikana. Maziwa unakunywa wewe, samadi unamwaga shambani kwako, ndama ni wa mwenyewe. Unaweza kumtibu, kumhamisha malisho, kumfunga kamba. Sikio huligusi. Sikioni ndiko alama ya mwenye mali inakokaa, na anayekata sikio la ng'ombe aliyeachiwa anakuwa amesema mbele ya watu wote kwamba huyu sasa ni wangu. Huo ni wizi, na unaamuliwa na wazee, na anayekutwa na hatia hakai tena kwenye boma la watu. Emanueli alipotamka neno "kilee", kichwani mwake lilikuwa neno tu. Katika kichwa cha baba yake, kigari kilikuwa kimeshaingia zizini.

Nilikipeleka korongoni nyuma ya shamba la ngano, kwenye mawe meusi, kila nilipomaliza kazi. Nilichokisema mezani ndicho kilichotokea. Kigari kikifika chini ya jiwe, kidevu kinagonga kwanza, sevo inakwama, magurudumu hayageuki, kinabaki pale kinanguruma kama mbuzi aliyenasa uzioni. Siku moja meno ya gia ndani ya sevo yalisagika. Nilipata nyingine kwenye kigari kibovu ambacho Emanueli alikuwa amekiacha kwa ajili ya spea, na nikaapa haitakaa tena pale mbele. Nikaamua kuipandisha juu, kwenye chesisi, kiunzi kilicho juu ya springi, mbali na mawe, halafu nishushe fimbo ndefu kutoka kwenye mkono wa sevo mpaka kwenye gurudumu. Nikachukua drili ya Mzee, nikatoboa chesisi. Nilitoboa mimi, Emanueli. Ningetoboa tena hata leo.

Mzee Bura aliingia nikiwa bado napuliza vumbi la plastiki. Akachukua kigari, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye yale matundu. "Umefanya nini?"

"Nimehamisha sevo, mzee. Pale mbele ilikuwa inakufa."

"Sikuulizi sevo. Nakuuliza haya." Akanionyesha matundu. "Umemkata sikio."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia tumpigie Emanueli simu tumuulize, akanijibu mambo ya sikio hayasemwi kwenye simu, mwenye mali atakuja aone kwa macho. Mimi mwenyewe namba ya Emanueli nilikuwa nayo, lakini nimpigie mwanaume halafu mama yake aikute kwenye simu yangu? Thubutu. Basi kuanzia siku ile niliishi nikiwa mshtakiwa ambaye kesi yake inasubiri Krismasi. Krismasi ikifika, Emanueli akiyaona yale matundu, wazee watakaa, nami nitafungasha.

Kibaya zaidi, kigari kilianza visa. Kwenye tambarare kilikwenda vizuri. Kikianza kupanda jiwe, springi zikiminywa, kinageuka kushoto chenyewe bila mimi kugusa rimoti. Kushoto, kila mara, mpaka kinabingirika. Mzee alisimama ukingoni mwa korongo siku moja, mikono nyuma, akaona kinabingirika, akasema, "Kinarudi kwa mwenyewe," kisha akaondoka. Nikakiokota kwa hasira. Mimi siamini kwamba plastiki ina mwenyewe. Niliamini kwamba kuna mtu anakifungua na kukiharibu nikiwa jikoni, ili niaibike. Nikamtega. Nikabandua ganda la kitunguu saumu, lile jembamba kama karatasi, nikalibana kati ya bodi ya juu na chesisi, mahali ambapo ukifungua lazima lidondoke. Nikaenda kusaidia kumenya viazi. Niliporudi, ganda lilikuwa sakafuni na Mzee amekaa kwenye kiti chake anasikiliza taarifa ya habari, mtakatifu kabisa. Nikajua. Nikaliokota lile ganda mbele yake, nikaliangalia, nikamwangalia. Akaongeza sauti ya redio.

Lakini kujua nani anakifungua hakukunijibu kwa nini kinakwenda kushoto, maana nilikagua kila skrubu na hakuna iliyolegezwa, alikuwa akichungulia tu. Jibu lilikuja mchana mmoja wa mvua, nimekaa mezani nimeudhika. Nilikiweka kigari mbele yangu, betri imetolewa, nikakiminya kwa kiganja kama unavyominya godoro dukani. Magurudumu yakageuka kushoto. Hakuna betri, hakuna rimoti, hakuna mtu. Nikaachia, yakanyooka. Nikaminya tena, nikapiga kelele peke yangu, "We mshenzi!" Kumbe ni ile fimbo ya usukani. Sevo iko juu kwenye chesisi, gurudumu liko chini kwenye ekseli. Chesisi ikishuka, fimbo inabadili mlalo wake na kulisukuma gurudumu, wakati ekseli yenyewe haisogei nayo. Dawa yake ni kuipa ekseli fimbo ya pili, inayoishika kutoka kwenye chesisi, ilale sambamba na ya usukani, urefu ule ule. Hapo chesisi ikishuka, fimbo zote mbili zinayumba pamoja, na gurudumu haliambiwi kitu. Nilitengeneza kwa spoku za baiskeli, nikatoa mojawapo ya fimbo za kiwandani zilizoishika ekseli kwa juu ili zisigombane, na nilipokiminya tena magurudumu yalikaa yamenyooka yakinitazama. Nilicheka mpaka Mama Emanueli akachungulia kuona kama nimepata wazimu. Alasiri ile mvua ilipokatika, kigari kilipanda jabali kubwa la korongoni, polepole, jino kwa jino, kikasimama juu. Nilitamani kumwita mtu aone. Nikageuka, Mzee alikuwa ukingoni. Hakusema kinarudi kwa mwenyewe. Alikitazama mpaka nikakishusha.

Desemba ikaingia, na Emanueli akatuma neno kwamba anakuja. Asubuhi iliyofuata nikakuta sevo imerudishwa mbele, kwenye kidevu, fimbo zangu za spoku zimewekwa kwenye kopo, na matundu yamezibwa kwa gundi na kupakwa kiwi cha viatu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Damu ilinichemka. Nilijua amefanya hivyo ili Emanueli asione kazi yangu. Wivu wa fundi, basi. Nikazibua matundu kwa msumari wa moto, nikairudisha sevo juu. Kesho yake nikakuta imerudi chini, kiwi kipya. Nikapandisha. Akashusha. Tulikuwa tunakula meza moja, tunapeana chumvi, "Ahsante mzee," "Haya binti," na hakuna aliyetaja kigari. Mama Emanueli alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kupitia mbao nikamsikia akimwambia mdogo wake kwa Kiiraqw, "Wamerogana hawa." Kisha akasema jambo lililonikata maini. Alikuwa ameshatuma mtu Dirma, kwa baba yangu, aje siku Emanueli atakapofika, kesi ya sikio iishe mara moja nirudi kwetu.

Ikafika siku hiyo. Kigari kilikuwa kimekaa kwenye meza ya sebuleni na zamu ilikuwa yangu, sevo iko juu, matundu yamezungukwa na gundi iliyokauka na kiwi kilichotapakaa. Baba yangu aliingia na shuka lake na fimbo yake, akakaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma kana kwamba litamuuma. Nikapiga magoti kidogo, shikamoo baba, marahaba, wala hakunitazama zaidi ya hapo. Emanueli alikuwa bado na vumbi la safari. Alipoelewa ni kikao cha nini, akashika kichwa. "Jamani, wazee wangu, ni kigari cha kuchezea! Mimi sina neno."

"Wewe nyamaza," baba yangu akasema.

"Nyamaza," Mzee Bura akasema.

Ndilo jambo la kwanza wale wazee wawili walilokubaliana. Mama Emanueli akaeleza yote, kwa haki, sitamsingizia, hakuongeza kitu. Kijana aliacha mali ilelewe. Aliyeachiwa ameikata. Baba yangu akasikiliza, akavuta pumzi. Akasema kwao Dirma jambo hilo halina maneno mengi. Aliyekata sikio anarudisha mnyama, familia yake inalipa faini, na yeye haendelei kulala kwenye boma hilo. "Kama ni mwanangu, nitamchukua leo." Akanigeukia. "Ni wewe uliyetoboa?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha kufunga begi langu, liko kitandani chini ya vitunguu. Niliwaza benchi lile la karakana, na kwamba sitakaa tena mbele yake. Lakini kukana nisingekana. Mkono wangu, kazi yangu, na ilikuwa kazi nzuri.

"Ni mimi," Mzee Bura akasema.

Watu wote tukamgeukia. Alikuwa amekaa wima, mgongo ukutani. "Nilitoboa mimi. Mtoto wangu alileta kitu kibovu, sevo imekaa mahali pa kijinga, nikaihamisha. Baba akikata sikio la ng'ombe wa mwanawe, kuna kesi?"

Hakuna kesi. Kila mtu pale alijua hakuna. Baba yangu akainuka, akaenda kumshika Mzee mkono kama anayemsalimia, akaushikilia, akautazama. Kiwi kilikuwa kimejaa kwenye kucha zake zote. Akauachia. Kisha akaniuliza kwa lugha yetu, taratibu, kama haya ni kweli. Nikamjibu kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, "Baba, umemsikia mzee." Baba yangu si mjinga. Akarudi kukaa, akaomba chai, akanywa vikombe vyake bila haraka, akaondoka peke yake na fimbo yake. Mama Emanueli akaenda jikoni na huko masufuria yakaanza kugongana.

Nilimkuta Mzee nje, kwenye karai la maji, anasugua kucha kwa mchanga na sabuni. Nilisimama pembeni nikiwa sijui pa kuweka mikono. Nilikuwa na hasira, hasira ya kusaidiwa na mtu niliyekuwa nimempanga kichwani kuwa adui.

"Kumbe ulikuwa unaziba ili nisifukuzwe," nikasema.

"Sasa ulifikiri naziba ili iweje?"

"Nilifikiri unanionea wivu."

Akaacha kusugua, akanitazama kama nimemtukana, halafu akaendelea. "Kila nikiziba, unazibua. Mtoto gani huyu."

"Mbona hukuniambia, mzee? Neno moja tu."

"Ningekuambia, ungeamini?"

Nikafikiri. Nilitaka kumpa jibu la adabu, lakini nyumba ile haikuwa ya majibu ya adabu. "Nisingeamini," nikasema. "Ningesema unanitega."

"Haya." Akajikung'uta maji. "Na usije ukafikiri nakuamini. Sijakuamini bado."

"Hata mimi sijakuamini, baba," nikajibu, na neno lilikuwa limeshanitoka. Hakulisahihisha. Akanionyesha mlango niingie, nami nikamwonyesha aingie yeye, na tukasimama pale uani muda mrefu, maana hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kutangulia na kumpa mwenzake mgongo.